Vyuo vya Marekani hugombania vipi vijana wa basketboli, na kijana wa Mombasa anaingilia mlango gani?

KochaMakupa

Salaam jamaa. Naomba msaada wa wanaoujua mchezo huu upande wa vyuo. Kuna kijana wa kidato cha tatu hapa kisiwani, miaka 17, sentimita 203 bila viatu. Ni senta, anakimbia vizuri, na mikono yake ni mirefu kuliko kimo chake. Anachezea shule, na wikendi yuko uwanja wa Makande. Sasa amejitokeza bwana mmoja anayejiita wakala. Anasema vyuo sita vya Marekani vinamgombania na vimeshamtengea nafasi, ila familia itoe shilingi 80,000 za kufungua faili kabla ya mwisho wa mwezi, na baadaye asilimia kumi ya skolashipu. Hakuna barua, wala jina la kocha hata mmoja.

Nauliza: vyuo hugombania vijana kwa njia gani hasa? Mtoto ambaye hajaonwa na kocha yeyote wa huko anaweza kugombaniwa na sita? Na sisi tuanzie wapi? Mamake analea peke yake kwa biashara ya mahamri. Pesa hizo kwake ni kazi ya miezi.

Athumani_Kizingo

Kocha, hiyo asilimia kumi ni mbaya kuliko hata hizo elfu themanini. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, zinamhesabu kuwa wakala mtu yeyote anayelipwa kwa sharti la kumpatia mtoto skolashipu, na mtoto mwenye mapatano ya namna hiyo anaweza kupoteza ruhusa ya kucheza kabla hajapanda ndege. Mwambieni mama asitie sahihi karatasi yoyote.

Sasa kuhusu kugombania. Daraja la kwanza la NCAA lina timu zaidi ya 350 za wanaume, lakini wanaogombaniwa kwelikweli ni vijana ishirini na kitu kwa mwaka, wale ambao tovuti za kupima vipaji kama ESPN na 247Sports huwapa nyota tano. Wanaanza kufuatwa wakiwa na miaka 14 au 15. Benchi la ufundi huwa na orodha iliyopangwa kwa nafasi za uwanjani, gadi, fowadi, senta, na kila nafasi ina majina kadhaa kwa mfuatano. Jina la kwanza likienda kwingine, simu inapigwa kwa la pili siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kijana wa tatu kwenye orodha anaweza kuambiwa "tunakupenda" miezi minane mizima bila kuletewa karatasi.

Soko lenyewe si shuleni. Ni kwenye ligi za vilabu vya vijana zinazodhaminiwa na kampuni za viatu: EYBL ya Nike, 3SSB ya Adidas, na ile ya Under Armour. Kilele chake ni Peach Jam, mwezi wa Julai, North Augusta, South Carolina. Kalenda ya NCAA ina vipindi ambavyo kocha anaruhusiwa kutazama tu bila kuzungumza na kijana ana kwa ana, na vingine ambavyo hata kutazama ni marufuku. Kwa hiyo kuonekana kwenyewe ni silaha. Kocha mkuu wa Duke au Kansas atakaa kiti cha mbele mechi zote za kijana mmoja, siku tatu mfululizo, asimwambie neno, ili kijana na babake wamwone amekaa pale. Anayemtuma msaidizi huwa ameshatoa jibu bila kufungua mdomo.

Kwa wanaume, mawasiliano ya moja kwa moja yanafunguka tarehe 15 Juni baada ya darasa la kumi la Marekani. Baadaye huja ziara rasmi, ambapo chuo kinalipa nauli, hoteli na chakula cha kijana na wazazi. Kijana anapelekwa chumba cha mazoezi, anaonyeshwa video ya jinsi atakavyotumiwa, anakutana na mtaalamu wa lishe na wa uzani. Baba au kocha wa klabu hubembelezwa kama kijana mwenyewe. Hilo ni la zamani: mwaka 1983 Kansas ilimwajiri Ed Manning kuwa kocha msaidizi, mwanawe Danny akafuata, na 1988 wakabeba ubingwa. Siku hizi kuna kanuni zinazobana kuajiri watu wa karibu na kijana.

Kinachouzwa kimebadilika. Tangu NBA ilipoweka umri wa chini kuwa miaka 19 kuanzia drafti ya 2006 (drafti ni pale timu zake zinapochagua wachezaji wapya), vyuo vikubwa viliuza njia ya mwaka mmoja: njoo, cheza msimu, nenda. Kentucky ya John Calipari ilijengwa hivyo, na Anthony Davis akaipa ubingwa 2012. Pesa zilipita chini ya meza, mpaka FBI ilipokamata makocha wasaidizi Septemba 2017. Tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao, mpango unaoitwa NIL. Kisha tarehe 1 Julai 2025, baada ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA, vyuo vikaruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja kutoka mapato yao, kikomo kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Hata kabla ya hapo unaona AJ Dybantsa, kijana aliyekuwa kileleni kabisa mwa orodha, anachagua BYU Desemba 2024, chuo ambacho miaka kumi nyuma hakikutajwa katika mazungumzo hayo. Kilikuwa na pesa, na kocha wake, Kevin Young, alitoka benchi la Phoenix Suns ya NBA.

La mwisho ndilo linalomgusa kijana wako zaidi. Tangu Aprili 2024 mchezaji wa chuo anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje msimu, mradi masomo yake yako sawa. Timu ina nafasi 15. Kocha anayeogopa kufutwa kazi atamchukua senta wa miaka 22 aliyekwisha cheza mechi mia moja kuliko mtoto wa miaka 18 anayehitaji kufundishwa misimu miwili. Nafasi za wanaotoka sekondari zimepungua, hata kwa Wamarekani wenyewe. Kwa hiyo vyuo sita kumtengea nafasi mtoto ambaye hawana hata dakika kumi za video yake? Haiwezekani.

Mwalimu_Mwanasha

Nakubaliana na Athumani, ila nikwambie kocha, vijana wetu hawakwami kwenye mpira. Wanakwama kwenye ripoti za kidato cha kwanza.

Daraja la kwanza linataka masomo ya msingi 16 katika miaka minne ya sekondari, ukihesabu somo moja kwa mwaka mzima kuwa moja: Kiingereza minne, hisabati mitatu, sayansi miwili, moja zaidi kati ya hayo matatu, masomo ya jamii mawili, na manne ya ziada. Wastani usipungue 2.3 kati ya 4. Daraja la pili ni 2.2. Historia, Jiografia, Biolojia, Kemia na Fizikia ndiyo ya kutegemea. Masomo ya ufundi hayahesabiwi. NCAA iliondoa sharti la SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, Januari 2023, lakini chuo chenyewe bado chaweza kuutaka, na baadhi vinataka pia mtihani wa Kiingereza. Muulizeni kocha wa chuo mapema.

Kwa mtoto wa Kenya wataomba ripoti za kila mwaka na cheti cha KCSE. Hapa makosa ni matatu, na yote hufanyika nyumbani.

Kwanza, kurudia darasa. Shule inamrudisha kijana kidato cha pili au cha tatu ili iendelee kumtumia kwenye mashindano. Daraja la kwanza linahesabu miaka minne tangu alipoanza kidato cha kwanza. Masomo yaliyofanywa baada ya hapo hayaingii, isipokuwa moja tu ndani ya mwaka unaofuata, nalo ni kwa aliyemaliza kwa wakati. Mtoto anapata C+ nzuri, lakini hesabu ya NCAA imeshafungwa. Walimu wa michezo, tafadhali, acheni kabisa tabia hii.

Pili, majina. Cheti cha kuzaliwa Mohamed, KCSE Mohammed, pasipoti Muhammad, na jina la babu limeingia kwenye kimoja likakosekana kwenye kingine. Kila herufi iliyotofautiana ni wiki za barua na viapo. Linganisheni kabla ya usajili wa KCSE.

Tatu, umri. Aliyepunguziwa miaka ili acheze mashindano ya shule atakuwa na tarehe mbili za kuzaliwa, na ofisi ya viza haitamuuliza ni ipi ilikuwa ya mpira.

Akaunti ya NCAA ya kuthibitishwa, kwa mwanafunzi wa nje, ni zaidi ya dola 150. Ipo ya bure pia, ya kujisajili tu. Anzeni na ya bure, mkalipe chuo kinapomtaka kwa maandishi. Kijana wako ni wa mwisho mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Akimaliza KCSE Novemba 2027, matokeo ni Januari, na chuo kinaanza Agosti 2028. Hiyo miezi ya katikati ndiyo ya makaratasi. Wanaofuata, wa gredi ya kumi, wawe macho zaidi: anayechagua mkondo wa Sanaa na Michezo ahakikishe sayansi haimponyoki, maana mkondo wenye neno michezo haumpeleki kwenye skolashipu ya michezo kama masomo 16 hayatimii.

BiRehema_Tudor

Samahanini, naingilia. Binti yangu ni gredi ya kumi, gadi, anavaa hijabu. Niliambiwa huko akivaa hijabu hatakubaliwa uwanjani. Ni kweli?

Mwalimu_Mwanasha

La, dada. FIBA, shirikisho la basketboli la dunia, iliruhusu hijabu mwaka 2017, na kwenye vyuo vya Marekani Bilqis Abdul-Qaadir alicheza Memphis tangu 2010 akiwa na hijabu na shati la mikono mirefu. Mwambieni kocha wa chuo tangu barua ya kwanza, ili sare iandaliwe. Na kwa wasichana wa Pwani, mashindano ya shule yana uzito: shule ya Kaya Tiwi, Kwale, imezoeza watu kutazama upande wetu. Rekodini mechi anazokutana na timu kama hizo, siyo zile za kushinda kwa pointi hamsini.

Juma_Likoni

Athumani amesema kweli tupu, lakini amekaa sana kileleni. Kijana wa Makande haendi kushindana na Dybantsa. Chini ya vyuo vile kuna mamia ya timu ambazo nazo hugombania, kwa bajeti ndogo: daraja la kwanza la chini, daraja la pili ambalo kila timu ya wanaume ilipewa sawa na skolashipu kumi za kugawanya, vyuo vya NAIA (chama kingine, cha vyuo vidogo), na vyuo vya miaka miwili vya NJCAA ambavyo daraja lake la juu lina hadi 15. Daraja la tatu la NCAA halitoi skolashipu ya michezo kabisa, kwa hiyo anayekuahidi "skolashipu ya basketboli" huko anadanganya. Vyuo vya miaka miwili ndivyo vinavyosamehe zaidi upungufu wa masomo 16, na kijana akifanya vizuri anahama juu akiwa mkubwa na mwenye nguvu. Lile lango la uhamisho linalomfungia leo litamfungulia akiwa na miaka 20.

Na kimo hakijapoteza bei. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza mpira akiwa kijana wa miaka 15 hivi, akapitia sekondari ya Houston, akacheza chuo cha UConn kuanzia 2006, na 2009 akachukuliwa wa pili kwenye drafti. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, alipita akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal, akacheza BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, akiwa bado mwanafunzi, kisha Duke, na 2025 akachukuliwa wa kumi. Hao ni sentimita 218 na kwenda juu. Wa 203 huko ni fowadi, siyo senta. Kocha, anzeni leo kumfundisha kupiga kutoka nje ya mstari wa mita 6.75 na kumkaba gadi baada ya kizuizi. Makocha wa chuo wakiona wa 203 anayejua kusimama chini ya kapu tu, wanafunga video.

Video yenyewe: dakika tatu hadi nne. Weka mchezo wake bora ndani ya sekunde 20 za kwanza. Kila kipande kianze na mshale au duara kumwonyesha ni yupi, kisha mchezo uendelee hadi mwisho wake, usikatwe mpira unapoingia. Bila muziki. Theluthi moja iwe ulinzi: kuzuia mashuti, kurudi mbio, kujadiliana na wenzake. Epuka madanki ya mazoezini. Kamera iwe juu, katikati ya uwanja, kwenye kigoda au ngazi. Ile ya nyuma ya kapu haionyeshi nafasi. Makande simu mbili na tripodi moja zatosha. Chini ya video weka kiungo cha mechi mbili kamili, moja ikiwa waliyofungwa, maana kocha makini hutaka kuona kijana anavyobeba mambo yakiharibika.

Vipimo viwe vya kweli: kimo bila viatu, urefu wa mikono kutoka ncha hadi ncha, kufikia juu akiwa amesimama, uzani, na tarehe ya kupima. Wakigundua umeongeza sentimita nne hawatasoma kitu kingine ulichoandika.

KochaMakupa

Shukrani sana. Tumemwambia yule bwana hapana. Leo amerudi na neno jipya: basi ampeleke kwanza sekondari ya umma huko Marekani mwaka huu, akae miaka miwili kwa mwenyeji, masomo bure. Na pia kuna klabu hapa mjini inataka kumsajili na kumpa posho. Haya nayo vipi?

Athumani_Kizingo

Hilo la sekondari ya umma lina uongo wa wazi. Kwa viza ya F-1 mwanafunzi wa nje anaruhusiwa shule ya umma miezi 12 tu, na lazima alipe gharama kamili ya masomo hayo. "Miaka miwili bure" haipo. Shule ya binafsi haina kikomo hicho, lakini lazima iwe imeidhinishwa kutoa I-20, fomu ya shule ya kuombea viza. Orodha ya shule zilizoidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, Study in the States. Tafuteni jina la shule na la mji kabla ya kuzungumza nauli. I-20 ikija, ada ya SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa nje, ni dola 350 na ya viza dola 185, zote hulipwa kwa serikali, siyo kwa mtu. Tena fikirini atakavyobaki: mwenyeji akimchoka, au kocha akifukuzwa, mtoto wa miaka 17 yuko ugenini bila hadhi ya viza. Kwa kijana aliyebakiza mwaka na nusu wa KCSE, kumkatisha njiani ni kuchanganya masomo ya mifumo miwili na kumpa NCAA maswali.

Klabu: nauli, chakula na malazi havina shida. Mshahara unaleta maswali, kwa hiyo kila alichopokea kiandikwe, na asitie sahihi mkataba wa mchezaji wa kulipwa. Kanuni iliyozoeleka inampa mwaka mmoja baada ya kumaliza sekondari. Akiendelea kucheza mashindano rasmi kupita hapo kabla ya kujiunga na chuo, anaanza kukatwa misimu kati ya ile minne aliyo nayo. Kwa hiyo asikae Mombasa miaka miwili akingoja.

Na familia isihesabu pesa za NIL. Viza ya F-1 inabana kazi, na malipo ya wachezaji wa nje hupita kwa wanasheria. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi na mchezaji bora wa vyuo 2022, ilibidi shughuli zake zifanywe Kentucky ilipokuwa ziarani Bahamas, nje ya Marekani. Mhesabie mama masomo, chumba, chakula na vitabu. Hayo peke yake ni mali.

Juma_Likoni

Sasa kazi ya kocha. Chagueni vyuo 60, siyo sita: 10 vya daraja la kwanza la chini, 20 vya daraja la pili, 15 vya NAIA, 15 vya NJCAA. Fungueni ukurasa wa timu wa kila chuo mtazame mafowadi wanaomaliza mwaka wa mwisho. Chuo chenye watatu wanaoondoka kina shimo la kuziba. Anwani za barua pepe za makocha ziko pale pale. Mwandikieni msaidizi anayeshughulikia usajili, kwa jina lake, mistari sita: jina, mwaka wa kumaliza, kimo na mikono, alama za kidato cha kwanza hadi sasa, kiungo cha video, na namba ya mwalimu wa shule. Kichwa cha barua kiwe "203 cm, fowadi, Kenya, 2028" kwa Kiingereza, 2028 ukiwa mwaka wa kuanza chuo. Tumeni Jumanne au Jumatano jioni ya hapa, iwafikie asubuhi yao. Msipeleke kwa makocha wote wa timu kwa mpigo mmoja.

Kati ya 60 huenda wakajibu watano au wanane. Anayejibu kutoka anwani inayoishia .edu, anayeomba ripoti za shule na kutaka kuzungumza kwa video na mama, huyo ndiye. Ofa ya mdomo haimfungi mtu. Ile barua ya kitaifa ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024. Siku hizi kinachoshika ni mkataba wa ufadhili wa chuo chenyewe. Usomeni mistari mitatu: ni wa mwaka mmoja au zaidi, unalipa asilimia ngapi ya masomo na chumba, na nini kinatokea akiumia. Asiyejibu mwandikieni tena baada ya wiki sita, na video mpya.